Mguu wa Kuku Nyuma ya Uso wa Mfalme

Paukwa!

Pakawa!

Chungu kimeinjikwa?

Kimeinjikwa.

Kuni zimeshika?

Zimeshika.

Na anayesema ni nani?

Mwenye kitu mkekani.

Basi naweka. Sogeeni, wa nyuma asije akasema hakusikia, na wa mbele asiote moto peke yake.

Hapo kale, kale ya kale, punda alipokuwa akisema na fisi akipewa uwaziri, palikuwa na mji ukiitwa Kigae. Msinicheke kwa huo uwaziri wa fisi. Mimi sikumteua.

Kigae ulikuwa mji wa wafinyanzi, na ulikuwa na sheria zilizowatangulia wafalme wake wote. Ya kwanza: chenye alama kina mwenyewe. Mfinyanzi akimaliza chungu, kabla hakijakauka, hubonyeza alama yake kitakoni. Ukikiokota chungu njiani, unakigeuza, unaitazama alama, unakirudisha kwa mwenyewe. Hakuna maneno mengi.

Ya pili: mwenye neno barazani sharti aweke kitu mkekani, mbele ya mfalme. Aliyeibiwa mbuzi aliweka kamba ya mbuzi. Aliyenyang'anywa shamba aliweka bonge la udongo. Neno lisilo na kitu ni upepo. Na mwenye kitu ndiye msemaji wake. Hakatizwi na jirani, hakatizwi na waziri, hakatizwi na mfalme.

Ya tatu: asemaye uongo mkekani, hata awe nani, hukunjiwa mkeka, akatolewa nje asirudi tena.

Sheria nzuri, sivyo? Sasa tazameni mtu mjanja anavyoweza kuila sheria nzuri bila hata kuivunja.

Mfalme wa Kigae aliitwa Tambo. Alianza kidogo. Alitia uso wake kwenye pesa za shaba, watu wakasema, haya, pesa ni mambo ya wafalme. Akautia kwenye ngoma, watu wakasema, haya, ngoma ni za sherehe. Akautia kwenye milango, kwenye viti, kwenye mipini ya majembe. Siku moja akagawa kanga bure, kila mwanamke doti yake, na katikati ya kila kanga uso wa Mfalme Tambo ukitabasamu. Nani anakataa kanga ya bure? Watu walizivaa, wakacheza ngoma, wakauzungusha uso wa mfalme mahali ambapo uso wa mtu mzima haufai kuzungushwa.

Walikuja kushtuka baadaye. Mtu akienda barazani na jembe lake, akiliweka mkekani, mfalme huuliza, "Uso wa nani huo?"

"Wako, mfalme."

"Basi ni langu, na neno lake nalisema mimi."

Akaja mwenye ngoma. "Uso wa nani huo?" Wako. "Basi ni yangu, na neno lake nalisema mimi." Akaja mwenye mlango uliovunjwa. Yale yale. Mji mzima ukawa na mdomo mmoja, na mdomo huo ulikuwa na meno ya mfalme.

Vilibaki vyungu tu.

Mfinyanzi mkuu wa Kigae alikuwa mwanamke mmoja, Bi Semeni. Alama yake ilikuwa mguu wa kuku: mistari mitatu inayokutana chini, na ule wa katikati umeegemea kushoto kidogo, kwa sababu kidole gumba chake kiliungua utotoni kikapinda. Bi Semeni alikuwa na binti mmoja, Kidawa, aliyekuwa akijifunza kazi. Na desturi ya wafinyanzi wa Kigae ni kwamba binti hurithi alama ya mama yake, akaongezewa kitu kimoja. Kidawa alikuwa aongezewe punje: mguu wa kuku, na punje moja chini yake.

"Nipe punje yangu, mama," Kidawa alikuwa akisema.

"Chungu chako kikichemka bila kupasuka, nitakupa."

"Cha jana kilikaribia."

"Cha jana kilituzimia moto, mwanangu. Kanda tena."

Basi siku moja Fisi, waziri, alikuja uani kwa Bi Semeni. Akasema, "Bi Semeni, salamu za mfalme. Anataka uso wake kwenye vitako vya vyungu."

Bi Semeni akafuta mikono. "Waziri, umewahi kupika?"

"Mimi hula."

"Nilijua. Basi kamwambie bwana wako kwamba kitako cha chungu ndicho kinachokaa motoni. Akitaka uso wake uungue asubuhi, mchana na jioni katika kila nyumba ya Kigae, shauri lake. Ila kwa mkono wangu, hapana. Vyungu vyangu vina mguu wa kuku."

Soko zima lilicheka. Kicheko kilifika kwa mfalme kabla Fisi hajafika.

Kesho yake Bi Semeni alikwenda mtoni kuchimba udongo. Hakurudi. Jua lilipokuwa utosini, Kunguru, mpiga mbiu wa mfalme, akapanda juu ya ukuta na baragumu lake.

"Mbiu ya mfalme. Bi Semeni mfinyanzi kaliwa na mamba. Mfalme ana majonzi makubwa. Kuanzia leo vyungu vyote vitiwe uso wake, hiyo ndiyo rambirambi yake."

Askari wakapita nyumba kwa nyumba wakivunja kila chungu chenye mguu wa kuku. Watu walilia kwa marehemu, wakalia kwa vyungu, wakanyamaza.

Kidawa hakulia. Kidawa alikwenda mtoni, akakikuta kikapu cha mama yake kwenye ukingo, kikavu, kimekunjwa vizuri. Akasimama akikitazama. Mamba gani huyo, akawaza, anayekula mtu mzima kisha anakunja kikapu?

Akakichukua kikapu, akaenda nacho barazani, akakiweka mkekani. "Nina neno," akasema.

Mfalme Tambo aliinama, akakigeuza kikapu huku na huku. Kishikio chake kilikuwa kimefungwa kwa kipande kuukuu cha zile kanga za bure. "Sikio la nani hili?"

Kidawa akatazama. Lilikuwa sikio. "Lako, mfalme."

"Basi ni changu, na neno lake nalisema mimi. Mama yako kaliwa na mamba. Pole sana. Anayefuata."

Baada ya siku chache Kidawa akarudi na kigoda cha mama yake, kile alichokalia akifinyanga. Akakiweka mkekani. Mfalme akauliza, "Uso wa nani huo?" Ulikuwa umechongwa katikati ya kigoda, umesuguka kwa kukaliwa mpaka pua haipo. Lakini ulikuwa wake.

"Basi ni changu, na neno lake nalisema mimi. Mama yako kaliwa na mamba. Binti, usinichoshe."

Fisi akacheka. Kidawa akatoka barazani mikono mitupu. Mnajua maneno yakikataliwa njia yanavyokaa kooni? Yanakaa kama mfupa wa samaki. Humezi, hutemi.

Akaenda sokoni kwa Bi Tunu, muuza uji, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na chungu kisichopasuka. Bi Tunu akampimia uji, akamrudishia chenji, Kidawa akaifunga kwenye pindo la kanga bila kuitazama.

"Kunywa, mwanangu," Bi Tunu akasema. "Hasira juu ya tumbo tupu humla mwenyewe."

Alipofika nyumbani akafungua pindo. Sarafu moja ilikuwa na kitu kinachokwaruza. Upande wa juu uso wa mfalme, unang'aa kama kawaida. Akaigeuza. Nyuma ya uso wa mfalme, pale palipotakiwa kuwa laini, palikuwa na mistari mitatu iliyochomwa kwa ncha ya chuma, imekutana chini kama vidole vya kuku matopeni. Na ule wa katikati umeegemea kushoto kidogo.

Kidawa alikaa chini.

Shaba ilikuwa mpya. Mikwaruzo ilikuwa mipya, inang'aa hata ndani yake. Marehemu hawagongi shaba. Akaibana sarafu mkononi mpaka ikamwacha chapa kiganjani, mguu wa kuku kwenye nyama, ndipo akalia. Alilia kwa furaha, kisha akalia kwa hasira, kisha akaona machozi hayaendi popote, akainuka.

Akarudi kwa Bi Tunu. "Bi Tunu, sarafu hii umeipata kwa nani?"

"Kwa Nguchiro, muuza chumvi. Kwani ni mbovu?"

"Si mbovu. Haijawahi kuwa nzuri namna hii."

Akaenda kwa Nguchiro. "Nguchiro, sarafu hii umeipata kwa nani?"

"Kwa Punda. Ananunua jiwe la chumvi la kulamba. Na usiniulize zaidi, mimi sikuiba."

"Sikusema umeiba."

"Basi tumeelewana."

Akaenda kwa Punda, akamkuta amesimama kivulini, magunia ya ukwaju mgongoni. "Kaka Punda, sarafu hii umeipata kwa nani?"

Punda akatazama kushoto, akatazama kulia. "Dada, mimi huchukua ukwaju, mchanga na sarafu chafu, hupeleka mlango wa nyuma wa mfalme. Unajua pesa zake zinasuguliwa kila mwezi mwandamo kabla ya kutolewa sokoni, ili uso wake ung'ae. Zinasuguliwa chini ya ngazi ya baraza. Wakimaliza, wananitupia sarafu moja."

"Nani anayesugua?"

"Uso wake sijauona. Pana kitundu ukutani. Najua mkono tu."

"Mkono ukoje?"

"Mweupe kwa ukwaju, umechubuka. Kidole gumba kimepinda." Punda akapiga masikio. "Nikishusha magunia, ule mkono unatoka unanikuna hapa, nyuma ya sikio. Nyumba ile ina watu wengi, dada, na hakuna mwingine anayenikuna."

Kidawa akamkuna nyuma ya sikio, pale pale.

Sasa, angekuwa mwingine, angekimbilia barazani na sarafu yake siku ile ile. Kidawa alishachomwa mara mbili. Sarafu moja, akawaza, watasema nimeikwaruza mwenyewe. Na kabla ya hilo alitaka mama ajue kwamba amesikika.

Akang'oa msumari mlangoni, akachukua jiwe, akachukua sarafu isiyo na alama. Akagonga mguu wa kuku. Ulitoka umepinda, kidole kimoja kirefu kama cha mwewe. Chini yake aliacha nafasi tupu. Punje hakuitia, maana hakuwa amepewa.

Akampa Punda. "Itie kwenye sarafu chafu unazopeleka kusuguliwa."

Na yeye mwenyewe akaenda kwa Kunguru, akasema kwa adabu kubwa, "Ami Kunguru, nimeona sarafu ya mfalme ina uchafu nyuma. Uso wake unadhalilika. Zisirudishwe zikasuguliwe?"

Kunguru akapanda ukutani. "Mbiu ya mfalme. Sarafu zote zenye uchafu nyuma zirudishwe zikasuguliwe."

Watu wakarudisha. Zikapelekwa, ah, mnajua zilipelekwa wapi. Zilipelekwa chini ya ngazi, kwa mkono ule ule.

Zikatoka zinang'aa, na miguu ya kuku imeongezeka.

Mfalme akamwita Fisi. Fisi akawaza, akasema, "Kugonga chuma ni kazi ya wahunzi." Wahunzi wakanyang'anywa nyundo. Sarafu zikakusanywa, zikasuguliwa, zikatoka. Miguu ya kuku imeongezeka.

Fisi akawaza tena, akasema, "Kukwaruza ni kazi ya wanawake wa sokoni." Wanawake wakanyang'anywa visu, wakamenya mihogo kwa meno. Sarafu zikakusanywa, zikasuguliwa, zikatoka. Miguu ya kuku imeongezeka.

Fisi akawaza kwa mara ya tatu, mate yakimtoka. "Mfalme, mbona jambo liko wazi? Huu ni mguu wa kuku. Mkosaji ni kuku."

Kuku wote wa Kigae wakakamatwa. Waliokamatwa walikuwa wengi. Waliofika gerezani wachache. Sarafu zikakusanywa, zikasuguliwa, zikatoka, na sasa hapakuwa na mtu Kigae asiye na mguu wa kuku pindoni mwake.

Mtaniuliza, hivi hakuna aliyewaza kuhusu chini ya ngazi? Hakuna. Walishuku mwenye nyundo, walishuku mwenye kisu, walishuku hadi mwenye manyoya. Anayesugua hawakumshuku, kwa kuwa anayesugua haonekani. Huonekana kile kinachong'aa tu.

Asubuhi moja Bi Tunu akamwita Kidawa kwa jicho. "Uliniambia niangalie kuku mwenye kidole kirefu."

Kidawa akaipokea sarafu. Ulikuwa mguu wake, umepinda vile vile kwa aibu yake. Na chini ya mguu, pale alipoacha nafasi, palikuwa na punje. Nukta moja, ndogo, imegongwa katikati sawasawa.

Akaifunga pindoni mwake. Bi Tunu akamwongezea uji.

Mwezi mwandamo ulipofika, baraza likajaa. Mfalme Tambo alikaa juu ya kiti chake ukingoni mwa mkeka, Fisi kulia kwake, Kunguru kushoto kwake na baragumu. Kidawa akapita katikati ya watu, akaweka mkekani sarafu yenye mguu wa kuku wa mama yake.

"Nina neno."

"Wewe tena," mfalme akasema. "Uso wa nani huo?"

"Upande wa juu ni wako."

"Basi ni yangu, na neno lake..."

"Igeuze, mfalme."

Mfalme akamtazama Fisi. Fisi akaigeuza.

"Pana uchafu," Fisi akasema.

"Ni mguu wa kuku," Kidawa akasema. "Chenye alama kina mwenyewe, na sarafu hii ina wenyewe wawili. Wa kwanza ni wewe, mfalme, na neno lako umekwisha kulisema mkekani hapa, mara mbili: mama yangu kaliwa na mamba. Hukukatizwa. Sasa ni zamu ya mwenyewe wa pili. Naye hakatizwi."

Wazee wa baraza walioshinda miaka wakitazama magoti yao wakainua vichwa. Mmoja akasema polepole, "Ndiyo sheria."

Kidawa akawageukia watu. "Nauliza. Alama hii ni ya nani?"

Kutoka nyuma Bi Tunu akajibu, "Ya Bi Semeni. Nimeupikia mguu huo tangu niolewe."

"Nauliza tena. Imegongwa kabla ya mamba au baada ya mamba?"

Mhunzi mmoja akajipenyeza mbele, akaitazama sarafu kwa jicho moja. "Shaba haijafubaa ndani ya mikwaruzo. Ya mwezi huu. Na mimi nyundo yangu mnayo ninyi, msinisingizie."

"Nauliza kwa mara ya mwisho. Imetoka mlango gani?"

Punda akaingiza kichwa dirishani. "Mlango wa nyuma wa mfalme. Nimezibeba mimi."

"Basi, mfalme, nichagulie," Kidawa akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu. "Kama mama yangu aliliwa na mamba, mamba huyo yumo nyumbani mwako, anasugua pesa zako, na ana kidole gumba cha mama yangu. Kama hakuliwa, umesema uongo mkekani. Mimi napokea lolote kati ya hayo mawili. Ila huyo mamba nataka kumwona."

Aliyecheka wa kwanza alikuwa Fisi. Hakutaka, ila fisi hana breki ya kicheko. Watu wakamfuata, kicheko kikapanda hadi kwenye boriti za dari.

Mfalme akasimama. "Ndani mwangu hakuna mtu. Hizo ni alama za wahunzi."

"Uliwanyang'anya nyundo."

"Za wanawake basi."

"Uliwanyang'anya visu."

"Za kuku."

"Kuku muulize waziri wako. Wengi wao anao karibu."

Kisha Kidawa akafumba macho, akaimba wimbo wanaouimba wafinyanzi wakikanda, ule ambao mama yake alimwimbia kabla hajajua kutembea:

*Udongo, udongo, lala mkononi,*
*alama ya mama iko kitakoni;*
*moto ukuchome, usiulaani,*
*utakuja kuwa chungu cha nyumbani.*

Wafinyanzi wakimaliza wimbo huo huupiga udongo kwa kiganja, kila nyumba na mapigo yake. Kidawa alinyamaza akasikiliza. Lakini mfalme alikwisha kumkonyeza Kunguru, na Kunguru akapuliza baragumu, puuu, hakuna aliyesikia kitu.

Akaimba tena. Kunguru akapuliza tena, puuu.

Akaimba kwa mara ya tatu, na safari hii wanawake wote wakaimba naye. Kunguru akainua baragumu, akalifikisha mdomoni, akalishusha. Labda alichoka. Labda naye alikuwa na mama. Hakusema, nasi hatutamsemea.

Kimya kikaingia barazani.

Ko. Ko-ko. Ko.

Sauti ilitoka chini. Chuma juu ya jiwe, chini ya sakafu, pale pale mfalme aliposimama. Watu wote wakaitazama miguu ya mfalme. Mfalme akainua mguu mmoja, akauteremsha, akauinua wa pili, kama aliyesimama juu ya mawe ya jikoni.

Ko. Ko-ko. Ko.

"Mapigo ya nyumba yetu," Kidawa akasema.

Hakuna aliyemgusa mfalme. Wazee wawili waliinuka, wakashika ncha ya mkeka, wakaanza kuukunja. Wakakunja, kiti kikaanguka. Wakakunja, mfalme akarudi nyuma. Wakakunja, akarudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka akajikuta nje mlangoni, na mlango ukafungwa, ukamwonyesha uso wake mwenyewe uliochongwa juu yake. Fisi alikuwa amekwisha kupita dirishani. Hata leo fisi hukaa mbali na watu, na kicheko chake bado hakijaisha.

Wakavunja ukuta chini ya ngazi. Bi Semeni akatoka, akikinga macho kwa mkono, mikono yake myeupe kama ya mtu wa unga.

Bi Semeni akamtazama binti yake. "Umekonda."

"Nawe pia, mama."

"Ule mguu wako wa kuku ulikuwa umepinda."

"Niligonga kwa msumari wa mlango."

"Nami niligonga kwa msumari uliobana gunia la ukwaju. Msumari si kisingizio." Kisha akamvuta, akamshika, na mama na binti wakakaa hivyo mpaka watu wakaona haya wakageuka kutazama pengine.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilirudi kama kilivyokuwa. Ukwaju ulikuwa umeila mikono ya Bi Semeni, ncha za vidole haziusikii tena udongo. Kwa hiyo mama alikaa kwenye kigoda, ule uso usio na pua chini yake, akasema, na Kidawa akakanda. "Maji kidogo. Nimesema kidogo. Sasa geuza." Kidawa akageuza. Na kabla chungu hakijakauka, akabonyeza kitakoni mguu wa kuku, na chini yake punje.

Wakakichoma. Wakakiinjika. Wanawake wa Kigae wakakaa kukizunguka, hakuna anayepumua. Maji yakaanza kuimba, yakatokota, yakafurika.

Chungu kimetulia.

"Haya," Bi Semeni akasema, "nani analeta unga? Au mtakitazama mpaka kesho?"

Na vile vyungu vyenye uso wa mfalme havikuvunjwa. Chungu hakina kosa. Vilibaki majikoni, uso wa Tambo unakaa motoni asubuhi, mchana na jioni, kama alivyoambiwa.

Hadithi yangu nimeiweka mkekani, na mkeka sijakunjiwa. Mafundisho yake ni haya: anayeandika uso wake juu ya kila kitu husahau kwamba kila kitu kina upande wa pili, na upande huo humgojea mwenye msumari. Na ukiambiwa mtu wako kaliwa na mamba, kwanza uliza ni nani aliyekikunja kikapu.

Ikiwa tamu, mrudishieni aliyewainjikia. Ikiwa chungu, pulizeni mnywe hivyo hivyo. Na kesho mkirudishiwa chenji sokoni, igeuzeni kabla ya kuifunga. Kuku wangu mmoja hajarudi tangu zama zile za Fisi, na nasikia ameonekana akitembea mifukoni mwa watu.